Ruzuku ya Bima ya Afya kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Kilatino Nchini Marekani

Kinyozi asiye na mwajiriwa hujiombea bima kwenye soko la serikali, ambalo katika majimbo mengi hufunguliwa tarehe 1 Novemba na lina tovuti ya Kihispania, CuidadoDeSalud.gov. Wengi hukosea kwenye kipato kinachotumika kupima ruzuku, yaani msaada wa serikali wa kulipia ada ya bima: kinachotakiwa ni faida inayotarajiwa katika mwaka wa bima, baada ya kuondoa pango, wembe na umeme, wala si mauzo yote, kwa hiyo usitupe risiti hata moja. Ukikadiria chini mno, ruzuku iliyozidi hudaiwa unapowasilisha kodi, kupitia fomu ya kodi 8962.

Mwenye wafanyakazi wasiofika 25 wa muda wote, wenye mishahara ya wastani, akilipa angalau nusu ya ada zao kupitia SHOP, soko la serikali la bima kwa biashara ndogo, aombe nafuu ya kodi kwa fomu 8941, ingawa hudumu miaka 2 tu.