Gari likichemsha, spana baadaye

Gereji yangu iko chini ya miembe miwili, Isevya, Tabora mjini. Nimefanya ufundi miaka 31, na vijana niliowafundisha hapa sasa wana gereji zao Nzega, Urambo hadi Kaliua. Wote walianza na somo hili moja.

Dereva akiingia akisema, "Shikamoo fundi, gari linachemsha, gasketi imekufa," kijana wangu haruhusiwi kugusa spana, maana gasketi inakaa chini ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na kuifikia ni kufungua injini. Anaitikia, kisha anauliza. Linachemsha likiwa kwenye foleni au likiwa barabara kuu? Maji yanapungua? Nani aliligusa mara ya mwisho, na alibadilisha nini? Likichemsha likisimama na kupoa likikimbia, macho yaende kwenye feni. Likichemsha likiwa na mzigo au mlimani, mara nyingi rejeta, inayopoza maji ya injini, imeziba. Maji yakipungua na chini hakuna tone, hapo ndipo gasketi inaanza kushukiwa.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya pikapu moja iliyokuwa ikibeba marobota ya tumbaku. Nilikuwa na miaka minne kazini. Nilifungua silinda hedi, nikaipeleka kusawazishwa, nikaweka gasketi mpya. Siku ya tatu pikapu ikarudi inatoa mvuke. Kilichokuwa kimekufa ni mpira wa mfuniko wa rejeta, ulikuwa umepasuka. Nilimrudishia mzee mwenye pikapu pesa yote ya ufundi, na hadi leo naona uchungu nikikumbuka alivyokuwa amezipata.

Kwa hiyo anza na mfuniko, ila injini iwe imepoa. Shika hozi ya juu, bomba la mpira linaloingia rejeta, kwa kiganja. Kama huwezi kuishikilia, bado. Usimwagie injini maji ya baridi kuiharakisha, hedi inaweza kupinda au kupasuka. Ukishafungua, tazama mpira, bonyeza springi, pitisha kidole kwenye mdomo wa rejeta mfuniko unapokaa. Soma na namba iliyoandikwa juu, kwa mfano 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni presha. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, na maji ya sufuriani huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko mzima unayabana mpaka yapite nyuzi 110 bila kuchemka. Ukilegea, gari litachemsha hata kama injini haina kosa lolote. Usiweke wenye namba kubwa kuliko ya kiwandani ukidhani unasaidia, utapasua hozi.

Baada ya hapo inama mbele ya rejeta na tochi. Magari yanayotoka porini njia ya Sikonge huja na mbegu za nyasi na wadudu wamejaa kwenye mapezi. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, maana mapezi yakilala hewa haipiti. Feni ya umeme ipime kwa kuwasha kiyoyozi: isipozunguka, angalia fyuzi na rilei kabla ya kununua mota.

Thamostati, kile kilango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto, ndiyo ninayogombana nayo kila mwaka. Mafundi wengi huitoa na kuitupa wakisema nchi yetu ni ya joto. Si kweli kwamba haina kazi. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta, na vyuma vinalika. Halafu Toyota nyingi zina thamostati yenye kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha kuliko mwanzo. Ipime jikoni: ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji, isiguse chini. Nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, kwa hiyo inapaswa kuachia kabla maji hayajatokota. Isipofunguka, nunua nyingine. Usiache tundu wazi.

Sasa gasketi. Washa injini ya baridi mfuniko ukiwa wazi: mapovu yasiyokoma, hozi ya juu kuwa ngumu dakika chache baada ya kufunga, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usioisha. Ukiona dalili mbili kati ya hizo, mwite mwenye gari aone kwa macho yake, ndipo ufungue hedi.

Kurudishia maji nako kuna namna. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta; maji ya kisima yenye chumvi yanaacha ukoko kwenye mirija. Inua pua ya gari, fungua hita, acha injini izunguke mfuniko ukiwa wazi hadi hozi ya juu ipate moto na hewa iishe, ukiongeza kidogo kidogo.

Kijana anaendesha hadi Kipalapala na kurudi, gari linalala gereji. Asubuhi tunafungua mfuniko mbele ya mwenye gari. Maji yakiwa palepale, anapewa ufunguo na analipa. Yakiwa yamepungua, tunaingia chini tena, na siku hiyo hatumdai.