Jiko lisilo na gluteni: kushona mifuko na vitambaa vya kutenganisha vyakula nyumbani

Mtu anapoambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa siliaki, jambo la kwanza linalomjia akilini ni vyakula atakavyovikosa: chapati ya asubuhi, mandazi, sambusa, na rolex ya kando ya barabara, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Hofu hiyo inaeleweka, lakini hapa Uganda chakula chetu cha kila siku kwa sehemu kubwa hakina gluteni tangu asili. Matooke, posho (ugali) ya mahindi, kalo (ugali) ya wimbi na muhogo, viazi vitamu, magimbi, wali, maharage, mchuzi wa karanga, samaki wa ziwani na luwombo ya kuku iliyofungwa katika majani ya migomba havihitaji hata chembe ya ngano. Kwa hiyo kazi kubwa ya familia si kutafuta vyakula vya bei ghali katika maduka ya Kampala, bali ni kuzuia unga wa ngano usiguse vyakula hivi, na kazi hiyo hurahisishwa sana na sindano, uzi na vipande vichache vya kitambaa.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano), na ndiyo inayolifanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mwenye siliaki anapoila, kinga ya mwili wake hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, na utumbo ulioumia hushindwa kufyonza virutubisho sawasawa. Mtoto anaweza kuharisha kwa muda mrefu, kuvimba tumbo, kupungukiwa na damu au kudumaa, na kwa kuwa dalili hizo hufanana na za minyoo na maradhi mengine, ni lazima apimwe hospitalini. Tafadhali usimwachishe ngano kabla ya kipimo, kwa sababu kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu anapoacha gluteni, na majibu yanaweza kupotosha. Ugonjwa ukithibitishwa, tiba yake ni chakula kisicho na gluteni, tena kwa maisha yote.

Wengi hudhani kwamba moto husafisha kila kitu. Moto huua vijidudu, lakini hauiondoi gluteni. Mihogo iliyokaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga mandazi si salama, wala mayai yaliyopikwa juu ya bamba la chapati. Unga wa wimbi uliosagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano nao huwa umechanganyika, hivyo ni vyema kumwomba msagaji akusagie mara baada ya mahindi ya mteja mwingine. Kabalagala za kununua, yaani vibandiko vya kukaanga vya ndizi na unga wa muhogo, mara nyingine huongezwa unga wa ngano, vikolezo vya unga vya pakiti huweza kuwa nao pia, na mchuzi wa soya wa chupa kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Kuhusu kimea, tofauti ni ya nafaka: kimea cha wimbi hakina gluteni, ilhali cha shayiri, ile inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon huko Kapchorwa kwa ajili ya bia, kinayo.

Sasa tuingie katika ushonaji, tukianza na mfuko wa unga, ambao kwa maoni yangu ndio wenye faida kuliko vyote. Nunua pamba nzito isiyo na nakshi, ile inayoitwa marekani, au kitenge cha pamba tupu. Usitumie gunia la zamani la unga wa ngano hata likiwa limefuliwa mara nyingi, kwa kuwa gluteni haiyeyuki katika maji, nayo hunata katikati ya nyuzi. Kifue kitambaa kipya, kikaushe na kukipiga pasi kabla ya kukata, maana pamba hurudi inapofuliwa kwa mara ya kwanza.

Kata kipande chenye urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 35. Kikunje katikati, upande wa nje ukiwa nje, ili upate urefu wa sentimita 40, kisha shona pande mbili kwa mshono ulio nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zinazoning'inia, geuza mfuko ndani nje, bonyeza kingo kwa pasi, na ushone tena pande zile zile sentimita moja kutoka ukingoni, ili ule mshono wa kwanza ufungiwe ndani ya wa pili. Huu ni mshono wa mara mbili, na hapa sikushauri ufupishe kazi: ukingo ulioachwa wazi hutoa nyuzi ndani ya unga, na unga nao hujificha humo usitoke hata kwa kufua. Baada ya hapo kunja mdomo wa mfuko sentimita moja, kisha sentimita mbili na nusu, piga bandi (mshono wa muda wa kushikiza), na umalizie kwa cherehani au kwa mkono.

Mifuko mingi hupitishiwa kamba ndani ya upindo wa juu. Kwa mfuko wa unga sipendi njia hiyo, kwa sababu ile njia ya kamba hukusanya unga usioonekana. Ni bora ukate utepe wa sentimita 60, ushikize katikati yake kwenye mshono wa pembeni, sentimita 8 chini ya mdomo, kisha uwe unausokota mdomo na kuufunga kama gunia. Mfuko wa namna hii hutosha kilo mbili hadi tatu za unga. Shona mmoja wa wimbi, mmoja wa muhogo na mmoja wa mahindi, na yote mitatu iwe na utepe wa rangi moja, tuseme kijani, ambayo haitaonekana kamwe kwenye kitu chochote cha ngano. Mtoto asiyejua kusoma na mgeni aliyekuja kusaidia jikoni wataelewa rangi mapema kuliko maandishi. Itundike mahali pakavu, kwa kuwa pamba hupitisha unyevu, na unga wenye unyevu huota ukungu.

Aproni na vishikio vya sufuria vifuate rangi hiyo hiyo. Kishikio ni miraba miwili ya kitenge yenye sentimita 20 kila upande, katikati ukiweka tabaka mbili za taulo kuukuu la pamba. Usiweke kitambaa cha nailoni, maana huyeyuka kwa joto. Mwiko wa mbao, chekeche, na kibao cha kusukumia navyo viwe vipya na vya pekee, kwa kuwa mbao na matundu ya chekeche hushika unga.

Mifuko ikiwa tayari, kabalagala ndiyo ya kuanzia. Ponda kwa mkono ndizi ndogo tamu zilizoiva sana hadi ziwe laini kabisa, kisha ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo, ukikanda bila maji, mpaka donge lisinate tena mikononi. Unga huo uwe wa mihogo iliyotayarishwa vizuri, kwa kuwa mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa ipasavyo ina sumu. Sukuma donge hadi unene wa nusu sentimita, kata miduara kwa mdomo wa glasi, na ukaange kwa moto wa wastani katika mafuta mapya, kwani moto mkali huunguza sukari ya ndizi kabla ya ndani kuiva.

Kwa mtoto wa shule, shona mfuko wa namna ile ile, ila ukate kitambaa cha sentimita 50 kwa 25, pamoja na kitambaa cha mraba cha sentimita 40 kilichopindwa pande zote nne. Atakitandaza kitambaa hicho juu ya dawati kabla ya kula, kwa kuwa dawati ambalo wenzake wamelitumia kula mandazi huwa na makombo. Mzoeshe kukikunja upande uliogusa dawati ukiwa ndani, na akifika nyumbani kikung'utwe nje, mbali na jiko, kisha kifuliwe peke yake katika beseni na kuanikwa juani. Vitambaa viwili vya kupokezana vitatosha hata wakati wa mvua, pale ambapo cha jana hakijakauka.