Jinsi ya Kumpatia Kinyonga Joto la Kuota Katika Mikoa ya Mtwara na Lindi

Maelekezo mengi ya ufugaji wa kinyonga yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, ambako mfugaji huhangaika kukipasha joto kizimba kwa sehemu kubwa ya mwaka. Anayeyafuata jinsi yalivyo akiwa Mikindani, Kilwa Masoko au Lindi mjini anaweza kumuua mnyama wake kwa joto ndani ya saa chache tu. Katika pwani yetu ya kusini, kazi kubwa ya mfugaji ni kumtengenezea kinyonga mahali pa kuota jua na mahali pa kulikimbia, vyote viwili ndani ya kizimba kimoja, ili mnyama mwenyewe aamue saa ya kupanda na saa ya kushuka.

Jambo la kutangulia yote ni kibali. Kinyonga ni mnyamapori, na kumfuga kunaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo fika kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako, na usimwokote kinyonga uliyemkuta kichakani ukamfungia nyumbani. Maelezo yanayofuata yanamhusu kinyonga mkubwa wa kijani anayeonekana sana katika bustani na mashamba yetu, mwenye vipande viwili vya ngozi vilivyolala nyuma ya kichwa, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Wale vinyonga wadogo wa rangi ya kahawia wanaoishi karibu na ardhi katika misitu kama ile ya Rondo wana mahitaji tofauti kabisa: wao hutaka kivuli na unyevu, na taa ya joto huwadhuru.

Kinyonga hawezi kujipasha joto kwa nguvu ya mwili wake kama afanyavyo kuku au paka. Joto hulipata nje, na bila joto hilo tumbo lake halisagi chakula. Panzi aliyemezwa jioni ya baridi anaweza kubaki tumboni hadi akaanza kuoza. Ndiyo maana ni vizuri kumlisha asubuhi baada ya kuota, akiwa na saa nyingi za joto mbele yake, na kuacha kumlisha jua linapokaribia kuzama.

Ukimtazama kwa makini wakati wa asubuhi, yeye mwenyewe atakueleza anachohitaji. Jua likimfikia, hugeuza ubavu mmoja upande wa mwanga, huubana mwili ukawa bapa, na ubavu ule unaopigwa na jua huiva rangi hadi kukaribia weusi, ilhali ubavu wa pili unabaki na rangi yake ya kawaida. Akishapata joto la kutosha, weusi hutoweka, kijani hurudi, naye huanza kutembea na kuzungusha macho akitafuta wadudu. Mnyama anayebaki mweusi hadi mchana ana baridi au ana mfadhaiko. Mnyama aliyepauka, aliyeacha mdomo wazi na kushuka hadi matawi ya chini, amezidiwa na joto, na hapo hakuna muda wa kungoja. Kupauka usiku akiwa usingizini ni jambo la kawaida na lisikutie hofu.

Kwa vipimo, tawi la kuotea linapaswa kuwa na nyuzijoto 29 hadi 32 za Selsiasi, sehemu ya kati ya kizimba 25 hadi 28, na chini kwenye majani mengi pawe na ubaridi kidogo kuliko hapo. Kinyonga mchanga asipewe zaidi ya 29, kwa sababu mwili wake mdogo hupata joto upesi na kukauka maji upesi zaidi. Usiku joto lishuke. Nyuzijoto 18 hadi 22 zinamfaa sana, na hiyo ndiyo hali ya kawaida ya pwani yetu katika miezi ya Juni na Julai. Kwa hiyo mkazi wa pwani hana sababu ya kumwashia kinyonga taa usiku, na kufanya hivyo humnyima usingizi.

Chanzo bora cha joto tunacho bure. Jua halileti joto peke yake, bali pia miale ya urujuanimno inayouwezesha mwili wa kinyonga kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu anayokula haiendi kwenye mifupa. Miguu hupinda na taya hulegea. Miale hiyo huzuiwa na kioo cha dirisha. Kinyonga aliyewekwa nyuma ya kioo hupata joto bila faida hiyo, na hewa iliyofungiwa humo inaweza kupanda hadi kumuua. Tumia kizimba cha fremu ya mbao chenye wavu wa chuma wa matundu madogo pande zote, kirefu kwenda juu, kwa mfano sentimita 60 kwa 60 kwa kimo cha 120. Kimo hicho ndicho kinachokupa tofauti ya joto kati ya juu na chini, na kizimba kifupi hakiwezi kukupa hata ukiwa na vifaa vya gharama kubwa.

Ndani, funga tawi moja la mlalo, nene kiasi cha vidole vya kinyonga kulizunguka, na liwe mahali jua la asubuhi linapofika. Matawi ya mpera yanafaa sana, kwa kuwa ni magumu na gome lake halitelezi wala halichomi. Epuka mnyaa na miti mingine yenye utomvu mkali. Theluthi mbili za kizimba zijazwe majani, na sehemu hiyo isiguswe na jua saa yoyote.

Mpe jua kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi. Kuanzia saa nne, hasa kati ya Oktoba na Machi, kizimba kiwe kivulini, na tawi la kuotea libaki na mwanga unaochujwa na majani tu. Usikiweke chini ya kibaraza cha bati wakati wa mchana, kwa kuwa bati huteremsha joto kali hata pasipo jua la moja kwa moja. Paa la makuti linafaa zaidi. Wafugaji wa Masasi na Nachingwea wawe waangalifu zaidi katika Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, maana huko bara hakuna upepo wa bahari wa kupunguza makali.

Watu wengi huvutiwa na kivuli cha mkorosho, kwa kuwa ndio mti uliopo karibu na kila nyumba. Kivuli chake ni kizuri, lakini kina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Ni rafiki wa mkulima kwa sababu hula wadudu waharibifu, lakini wakiingia kizimbani humshambulia kinyonga asiyeweza kukimbia. Kagua matawi ya juu kabla ya kuning'iniza chochote, na kamba ya kuning'inizia ipakwe grisi. La pili ni salfa na viuatilifu vinginevyo. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga hukutana na miezi ya baridi, ambayo ndiyo miezi unayotaka kinyonga atoke nje zaidi. Katika kipindi hicho mhamishie chini ya mwembe au mpera ulio mbali na shamba, na usimpe panzi waliokamatwa chini ya mikorosho iliyopuliziwa.

Taa inahitajika katika hali chache: siku za mawingu mfululizo wakati wa mvua, asubuhi za kusi kali, na kwa wanaoishi Newala, Tandahimba au juu ya Rondo, ambako ukungu wa asubuhi unaweza kuchelewesha jua kwa muda mrefu. Kinachotakiwa ni globu ya aina ya zamani, yenye uzi unaowaka ndani, ya wati 40 au 60. Globu za siku hizi zinazookoa umeme hazitoi joto la kufaa. Zile kubwa nyekundu za kulelea vifaranga zinazouzwa katika maduka ya mifugo zina nguvu mno kwa mnyama huyu, na ningemsihi kila mfugaji aziache hukohuko dukani.

Taa ikae nje ya kizimba, juu ya wavu, na kati yake na mgongo wa kinyonga aliyesimama kwenye tawi pawe na sentimita 25 hadi 30. Wengi hupima umbali hadi kwenye tawi na kusahau kuwa mnyama ana kimo, na kuwa anaweza kupanda akang'ang'ania wavu wa juu. Kwa sababu hiyo inua taa juu ya wavu kwa kuifungia kwenye fremu ndogo ya waya, ili hata akining'inia hapo asiungue. Majeraha mengi ya moto kwa vinyonga huwa juu ya kichwa na kwenye uti wa mgongo, na mara nyingi mnyama haondoki upesi anapoanza kuungua. Nyaya zifungwe na fundi umeme, na usinyunyizie maji globu ikiwa inawaka, kwani hupasuka.

Kabla ya kumweka kinyonga, washa taa kwa saa nzima kisha pima. Kipimajoto chenye waya wa kihisio ndicho kinachofaa. Kihisio kifungwe pale mgongo utakapokuwa. Ukiwa huna, weka mgongo wa kiganja chako mahali hapo kwa dakika moja: ukiona unataka kuuondoa, inua taa. Mkono hausomi nyuzijoto, lakini unatosha kukuonya. Pima tena kila majira yanapobadilika, kwa sababu taa iliyofaa Julai itakuwa tanuri Desemba. Kwa kawaida saa tatu au nne za taa asubuhi zinatosha, na izimwe mara jua linapotoka.

Joto hukausha, kwa hiyo maji yaende pamoja nalo. Nyunyiza majani alfajiri kabla ya kuota, na tena alasiri, ili matone yaning'inie. Kinyonga hunywa matone ya kwenye majani na mara nyingi hatambui maji ya bakulini.

Umeme ukikatika asubuhi ya baridi, usilete jiko la mkaa karibu na kizimba. Moshi na hewa yake yenye sumu humdhuru haraka kuliko ubaridi. Kinyonga mzima anaweza kukaa siku ya baridi bila kuota, alimradi hukumlisha. Funika pande tatu za kizimba kwa kanga au shuka kuzuia upepo, na mlishe siku jua litakaporudi.

Akizidiwa na joto, mhamishie kivulini mara moja, mnyunyizie maji ya kawaida ya mtungini kwa matone madogo na umwache anywe taratibu. Usimtumbukize katika maji ya barafu. Ukiona doa jeupe au la kijivu kichwani au mgongoni ambalo baada ya siku chache linageuka jeusi, hilo ni jeraha la moto: zima taa, usipake mafuta wala dawa ya kienyeji, na mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.