Mwenye nyumba akimpandishia mzazi wako kodi Nairobi, nawe uko ng'ambo

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: "Kuanzia mwezi ujao kodi ni 18,000, maji kando." Keateka, yaani msimamizi wa jengo, ameutuma kwa simu ya mama pale Umoja, mama amekutumia wewe Doha au Minneapolis, na chini yake ameongeza lake: "Lipa tu mwanangu, sitaki maneno na watu." Wengi hulipa. Shida ni kwamba ukishalipa kiwango kipya bila kusema lolote, baadaye ni vigumu kudai kwamba hamkukubali. Kwa hiyo ile nyongeza isubiri. Tuma kodi ya zamani, kwa tarehe ileile na kwa njia ileile. Usisimamishe malipo yote kwa hasira, maana malimbikizo ya kodi yanampa mwenye nyumba sababu ya kutuma dalali mwenye leseni kuja kukamata vyombo, na hapo hakuna atakayesikiliza habari za notisi.

Kisha tafuta mkataba. Usimuulize mama kama anakumbuka unasema nini. Mwombe mjukuu aliye karibu aupige picha kurasa zote, hadi ile ya sahihi. Kama ni mkataba wa muda maalumu na bado haujaisha, kodi haipandi katikati isipokuwa kuna kifungu kinachoruhusu, na vifungu vya namna hiyo vimejaa kwenye mikataba ya maajenti, kwa hiyo soma kabla ya kugomba. Kama hakuna maandishi na mama hulipa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 humhesabu kuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na notisi ya kumaliza upangaji wa aina hiyo haiwezi kupungua mwezi mmoja. Ujumbe wa tarehe 28 unaotaka kodi mpya tarehe 1, la sivyo ahame, haufiki hapo. Jibu kwa adabu, kwa maandishi, kutoka simu ya mama: "Nimepokea ujumbe wako. Naomba notisi ya maandishi inayotaja kiwango na tarehe ya kuanza. Kwa sasa naendelea kulipa kodi tuliyokubaliana."

Utasikia jamaa wakisema kuna baraza linalozuia kodi kupandishwa. Lipo, chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ila linahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa bei za leo hapo umebaki na vyumba vya mabati vya Mathare au Mukuru. Mzazi aliye huko ana kinga ya kweli na asikubali kutishwa. Kwa nyumba ya 15,000 hakuna sheria inayoweka kikomo cha nyongeza. Umri nao, nasema hivi nikijua hutapenda, haupunguzi kodi. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na mzee kikatiba ni aliyefikisha miaka 60, lakini usitegemee kifungu hicho pekee kimbadilishe mawazo mwenye nyumba.

Mambo hubadilika kabisa kama mama ana duka, saluni au hoteli. Hapo inaingia Sheria ya Sura ya 301, ya upangaji wa maduka, hoteli na migahawa, na hiyo ina meno. Upangaji wa biashara usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka 5, unalindwa. Mwenye nyumba akitaka kubadilisha kodi au sharti lolote, lazima atoe notisi kwa fomu rasmi, angalau miezi 2 kabla. Mama ana mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama anakubali au la. Akikataa, apeleke shauri kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika, na mabadiliko hayaanzi hadi baraza liamue. Wengi huangukia hapohapo: wanapokea fomu, wanaiweka kabatini, miezi 2 inapita na notisi inaanza kufanya kazi.

Kuna kisingizio kinachovuma sana, kwamba KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, imepandisha ushuru wa nyumba. Ushuru wa mapato ya kodi za makazi ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, na mlipaji wake ni mwenye nyumba. Mkumbushe taratibu.

Mara nyingi yote haya huishia kwenye mazungumzo, na mpangaji wa miaka mingi asiyechelewesha kodi ana uzito wake. Omba nusu ya nyongeza sasa na nusu Januari, kisha makubaliano yaandikwe. Na kama inawezekana, pesa zipitie M-Pesa ya mama badala ya kwenda moja kwa moja kutoka kwako. Rekodi zitabaki kwa jina la mpangaji, na mwenye nyumba hatapiga hesabu zake kwa dola.

Akifunga mlango kwa kufuli lake, akikata maji au akiezua paa ili mama aondoke, hayo si mazungumzo tena. Kumtoa mtu kwa nguvu kunahitaji amri ya mahakama au ya baraza. Piga picha, ripoti polisi mpate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na mtafute wakili siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni la makaratasi. Wengi hukimbilia ubalozini kutia sahihi hati ya kumpa binamu mamlaka ya kushughulikia nyumba. Kama mpangaji ni mama, sahihi yako haina kazi: yeye ndiye anayepaswa kumteua mtu, mbele ya wakili, hapo hapo Nairobi. Yako inahitajika tu ikiwa mkataba uko kwa jina lako.