Somo: Beji za zamani za besiboli, tuanze na mgongo

Somo hili ni la anayeanza kukusanya beji ndogo za duara zenye wachezaji wa besiboli wa Marekani, zile za kufungwa nguoni kwa pini. Msimamo wangu ni mmoja: beji husomwa mgongoni kwanza. Uso huvutia macho, na wanaoghushi wanalijua hilo.

Hatua ya 1: Jua ilivyotengenezwa
Ziko aina mbili kubwa. Ya seluloidi, plastiki ya zamani, ina kibati cha duara, juu yake karatasi yenye picha, juu ya karatasi utando mwembamba wa seluloidi. Vyote hukunjwa na kubanwa nyuma kwa pete ya chuma, na pini ya waya hukaa ndani ya pete hiyo. Kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, New Jersey, ndiyo iliyozieneza, na uchaguzi wa rais wa 1896 kati ya McKinley na Bryan ukazifanya zivaliwe nchi nzima. Besiboli haikukawia kufuata. Aina ya pili ni bati lililochapwa picha moja kwa moja, bila karatasi wala utando.

Hatua ya 2: Igeuze
Beji nyingi za seluloidi za mwanzoni zina karatasi ndani ya mgongo, yenye jina la mtengenezaji au tangazo. Za Whitehead & Hoag mara nyingi huonyesha tarehe za hataza, yaani haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa, kama 1894 na 1896. Hapa wengi huteleza: hiyo ni tarehe ya hataza, si ya beji. Kampuni iliendelea kuzichapa tarehe hizohizo kwa miaka mingi.

Kisha tazama kutu. Kutu ya kweli huanzia kwenye maungio, pale pini inapogusa pete, nayo hula chuma. Ya kupakwa hutanda sawasawa, na mara nyingi hutoka ukipangusa kwa kitambaa.

Hatua ya 3: Tumia lenzi
Inayokuza mara 10 inatosha. Picha iliyonakiliwa kutoka kwenye beji au kadi nyingine hupoteza ukali: macho ya mchezaji hufifia, na herufi za jina huwa na ukungu pembeni.

Hatua ya 4: Chagua pa kuanzia
Napendekeza beji za seluloidi za Sweet Caporal, zilizotolewa pamoja na sigara za jina hilo kati ya 1910 na 1912. Zina upana wa milimita 22 hivi, na wachezaji wanazidi 150. Za nyota kama Ty Cobb na Christy Mathewson ni ghali. Anza na wasio na majina makubwa. Katika katalogi ya Jefferson Burdick, mkusanyaji aliyeorodhesha kadi za zamani, zinaitwa P2, na wauzaji bado hutumia alama hiyo. Wachezaji wengine wana beji mbili, moja yenye herufi kubwa zaidi, kwa hiyo linganisha kabla ya kulipa.

Topps, kampuni ya kadi za besiboli, walitoa za bati mwaka 1956. Walipanga 90, zikatoka 60. Chuck Diering, Hector Lopez na Chuck Stobbs ndio wagumu kupatikana.

Halafu kuna zile kubwa za viwanjani, za miaka ya 1940 hadi 1960, zenye utepe na vidude vidogo vya mpira na gongo vinavyoning'inia. Jackie Robinson, mchezaji Mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu, alipoingia uwanja wa Ebbets Field na timu ya Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, kuvaa beji yake kifuani kulikuwa kutangaza uko upande gani. Kwangu hakuna beji yenye uzito kuliko hizo.

Hatua ya 5: Hifadhi
Usioshe kamwe. Maji yakipenya chini ya utando, chuma hushika kutu na karatasi hupata madoa ya kahawia yasiyotoka. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu. Weka mbali na jua na moto. Seluloidi huwaka upesi sana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, niko Ohio. Nimeona ya Jackie Robinson kwenye soko la mitumba, dola 15, inang'aa kabisa. Haina alama ya kuwa ni kopi. Nichukue?
Jibu: Usilipe kabla ya kuona mgongo. Za Robinson zimeigwa mno. Kukosa alama hakuthibitishi chochote: sheria ya Marekani ya 1973 ya kuwekea alama vitu vya kuiga inahusu sarafu na vitu vya siasa, si vya michezo. Chuma cha nyuma kikiwa kipya kama kimetoka kiwandani jana, iache.

Swali: Pini ya nyuma imekatika. Nibadilishe?
Jibu: Hapana, dada. Pini ya asili, hata kipande, ni ushahidi. Ukiweka mpya, mnunuzi atashuku kila kitu kingine.

Swali: Mwalimu, niko Mombasa. Kaka yangu aliye Boston ameniletea Sweet Caporal tatu. Hewa ya pwani itaziharibu?
Jibu: Itaziharibu ukiziacha wazi, kwa unyevu na chumvi. Tumia boksi la kadibodi lisilo na asidi, zisigusane, na weka vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya; vibadilishe mara kwa mara. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC. Fungua boksi kila baada ya wiki chache zipate hewa. Ukisikia harufu kali ya asidi, tafuta inayotoka na uitenge siku hiyohiyo, maana mvuke wa seluloidi inayooza huharibu na za jirani.