Mchezo Haukungoji: Namna ya Kuanza Kwenda Thieta Nairobi

Mpwa wangu alinijia dukani Jumatatu moja, macho yanang'aa. Wenzake ofisini walikuwa wameona mchezo pale National Theatre, wamecheka mpaka wakashika mbavu, na yeye anataka tuende Ijumaa. Nikamuuliza wameuona lini. "Jumamosi, anti." Basi umekwisha, nikamwambia. Alinitazama kana kwamba nimemnyima chakula.

Kama hujawahi kwenda thieta Nairobi, anzia hapo. Filamu hukaa sinemani wiki mbili tatu, ukangoja mshahara. Mchezo wa jukwaani huingia Alhamisi au Ijumaa, na Jumapili usiku mafundi wanang'oa seti na kuipakia kwenye pikapu. Kosa ni la kodi. Makundi mengi hayana nyumba. Hukodi ukumbi kwa siku, na kila siku ya ziada ni pesa ambazo huenda zisirudi. Zamani Phoenix Players walikuwa na kijiukumbi chao cha kudumu Professional Centre, Parliament Road, na mchezo ungeweza kukaa hapo wiki kadhaa huku sifa zikienea polepole. Tangu mlango ule ufungwe, karibu kila mtu ni mpangaji.

Kwa hiyo usifuate mchezo. Fuata kundi. Ukisubiri kusikia mchezo ukisifiwa, utasikia matanga.

Chagua makundi mawili matatu uyafuate kwenye mitandao ya kijamii, maana huko ndiko mabango hutoka kwanza siku hizi. Ukipenda kucheka, anza na Heartstrings Entertainment. Wao ni wa vichekesho vya nyumbani: mume aliyeficha mkopo, mama mkwe asiyeondoka, landilodi, mwanasiasa. Hurudi na mchezo mpya mara nyingi kwa mwaka kuliko kundi lolote ninalolijua, kwa hiyo ukiwakosa mwezi huu hujapoteza. Nimewaona Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, na nimewaona National Theatre, na kote viti vilijaa. Ukipenda muziki na seti kubwa, tafuta Nairobi Performing Arts Studio. Ukipenda historia, kuna Too Early for Birds, walioanza 2017 kusimulia jukwaani visa vya Kenya ambavyo shuleni tulirukishwa. Hao hawatoki mara kwa mara, na wakitoka tiketi hazikai.

Bango nalo lina kusomwa kwake. Mimi hutafuta kwanza jina la mwelekezi. Kundi lisilotaja mwelekezi huwa halijaamua nani anaamua, na utaliona hilo jukwaani: watu watatu wanazungumza kwa pamoja na mmoja amesimama kizani. Kisha tazama saa, ukumbi, na lugha. Michezo mingi ya mjini ni Kiingereza kilichochanganywa na Sheng, ipo pia ya Kikuyu, Kijaluo na Kikamba, na bango halisemi kila mara. Uliza. Wanajibu.

Sasa kumbi.

Kenya National Theatre iko Harry Thuku Road, inatazamana na hoteli ya Norfolk. Hapo ndipo ningempeleka mgeni kwanza, na si kwa sababu ya viti. Jengo lilifunguliwa 1952, mwaka uleule wakoloni walipotangaza hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau, na kwa miaka mingi neno "National" lilikuwa la ukutani tu. Jukwaani ni wazungu wakichezeana mambo ya kwao. Oktoba 1976 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulipata nafasi ya siku chache sana pale, tena kwa kuvutana. Husimuliwa kwamba watazamaji waliungana na waigizaji wakatoka nje wakiimba hadi barabarani. Mwaka uliofuata Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walichezesha mchezo wao wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, pamoja na wanakijiji, serikali ikaupiga marufuku na Ngũgĩ akatiwa kizuizini. Mchezo huohuo ulirudi Mei 2022 kwenye jukwaa hili la Harry Thuku Road, siku nyingine kwa Kiingereza na siku nyingine kwa Kikuyu.

Mimi nilikata tiketi ya Kikuyu. Ni mtu wa Kakamega, Kikuyu changu kinaishia kwenye kununua viazi. Lakini kando yangu alikaa mama mmoja mzee mwenye leso kichwani, akanionea huruma, akawa ananitafsiria sikioni kwa Kiswahili cha Limuru. Mahali fulani akaacha kutafsiri. Nikageuka, nikamkuta anaimba pamoja nao, taratibu, kila neno. Sikumsumbua tena. Ukipata nafasi ya kuona mchezo katika lugha usiyoijua, mbele ya watu wanaoijua, nenda.

Mambo ya kutumia pale: ukumbi mkubwa una viti zaidi ya 300 vilivyopangwa kwa mteremko, kwa hiyo hata nyuma unaona. Safu ya mbele kabisa katika vichekesho ni ya watu wasioogopa kutaniwa. Mimi hukaa safu ya tano au ya sita, pembeni, niweze kutoka mguu ukifa ganzi. Tazama vizuri tiketi, maana katika Kenya Cultural Centre, palepale uani, kuna pia Ukumbi Mdogo, na bango likisema Ukumbi Mdogo usipange foleni ya ukumbi mkubwa halafu ukagombane na kijana wa mlangoni. Nimewahi kuwa kijana wa mlangoni. Hatuna tunachoweza kukufanyia saa hiyo. Jengo lilikarabatiwa likafunguliwa upya 2015, kwa hiyo msimulizi yeyote anayekutisha kwa visa vya viti vilivyovunjika anasema habari za enzi yetu.

Alliance Française ni karibu, kona ya Loita Street na Monrovia Street, katikati ya mji, na ukishuka matatu Koinange unafika kwa miguu. Mlangoni utakaguliwa begi. Ndani kuna ukumbi na kuna bustani. Maonyesho ya muziki mengi hufanyika bustanini, kwa hiyo beba sweta Juni na Julai. Mahali pazuri kwa mtu anayekuja peke yake, kwa kuwa kuna mkahawa wa kukaa bila kuulizwa unamngoja nani.

Kumbi za Lavington na Westlands, yaani Braeburn Theatre ya Gitanga Road na Oshwal Centre, hukodiwa kwa michezo mikubwa ya muziki na maonyesho yanayotarajia watu wenye magari. Taa nzuri, sauti nzuri. Kwenda si shida, matatu ya 46 hupita Gitanga Road. Kurudi usiku ndiko utakakolipia teksi, kwa hiyo ihesabu kwenye bei ya tiketi tangu mwanzo. Sarakasi Dome kule Ngara, ile iliyokuwa sinema ya Shan, ni ya wanasarakasi na ngoma. Wapeleke watoto.

Siku ya kwenda? Hapa nina msimamo na sitaki kubishana. Ijumaa ni siku ya kwanza au ya pili: kundi limeingia ukumbini asubuhi, taa zimefungwa mchana, na waigizaji bado wanatafuta mlango wa kutokea uko wapi. Jumapili jioni wamechoka lakini wameota mapembe, wanaongeza utani ambao haumo, na mchezo wa saa mbili unakuwa wa saa mbili na nusu. Jumamosi alasiri, onyesho la saa tisa, ndiyo yangu. Maneno yameshaingia mwilini, sauti bado ipo, na wewe unatoka jua halijazama. Onyesho la jioni kwa kawaida ni saa kumi na mbili na nusu. Litachelewa, ndiyo, dakika ishirini au zaidi, lakini siku utakayochelewa wewe ndiyo siku litakayoanza kwa wakati, na katika kichekesho dakika kumi za mwanzo ndizo zinazokueleza nani anamdanganya nani.

Tiketi yangu ya mwisho ilikuwa shilingi elfu moja, na mlangoni walikuwa wanauza ghali zaidi kidogo. Kwa hiyo lipa mapema. Na kwa kuwa mchana kutwa mimi ni mtu wa M-Pesa, nisikilize hapa: namba ya kulipia ichukue kwenye ukurasa wa kundi lenyewe, si kwenye picha uliyotumiwa WhatsApp na rafiki wa rafiki. Jina likitokea kabla hujathibitisha, lisome. Ukiona ni jina la mtu binafsi usilolijua badala ya la kundi, acha, piga simu kwanza. Ujumbe ukiingia usiufute. Mlangoni wataomba namba ya muamala, na mtandao mle ndani unaweza kugoma. Mimi huiandika kwenye karatasi kama mtoto wa darasa la nne.

Na kama unataka mchezo wa Kiswahili? Basi itabidi uamke mapema. Kiswahili cha jukwaani mjini hapa wanakimiliki watoto wa shule, kwa sababu ya setibuku, vile vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Kila tamthilia inayotahiniwa kidato cha nne ina makundi yanayoizungusha nchi nzima, na Nairobi hufanyika asubuhi za siku za kazi, mabasi ya shule yamejipanga nje na walimu wanahesabu vichwa. Mtu mzima anaweza kuingia akilipa. Ukae nyuma. Hutapata watazamaji wakali kama hao popote: wamekisoma kitabu mara nne, wanajua neno linalofuata, na mwigizaji akiruka sentensi ukumbi mzima unamsahihisha kwa sauti moja.

Nilicheza setibuku miaka sita. Maonyesho mawili kwa siku, shule mbili tofauti, mavazi kwenye gunia, jukwaa ni meza za bwalo zilizosukumwa pamoja huku harufu ya githeri ikikuingia kwenye wigi. Mzee wa kijiji, mke wa mzee wa kijiji, na askari, wote nilikuwa mimi. Safari moja magharibi mwa nchi mwenye kundi aliondoka na pesa usiku, tukabaki watu tisa na seti ya mbao, na mwalimu mmoja wa Kiswahili akatuchangishia nauli kwenye chumba cha walimu. Kwa hiyo ukiona waigizaji wa setibuku wanabadilisha nguo nyuma ya basi, wapigie makofi mapema. Wamefanya kazi kabla hawajaanza.

Adabu za mle ndani ni chache. Simu izime, usiipunguze sauti tu, maana ule mwanga wa kioo ukiwa jukwaani unauona kuliko unavyodhani, uso wa bluu unaelea gizani. Katika kichekesho, kujibu jukwaa kunaruhusiwa. Nairobi ndivyo tulivyo, mtu akidanganywa na mumewe ukumbi utamwambia. Katika mchezo wa huzuni nyamaza, hata kama una ushauri mzuri. Soma bango kuhusu umri kabla ya kuleta watoto, kwa sababu vichekesho vyetu vinapenda sana mambo ya chumbani. Na kula kabla. Saa mbili za mchezo ukiwa na njaa ni saa nne.

Usiku mmoja, katika ukumbi ambao siutaji, stima zilipotea katikati ya onyesho la kundi dogo la vijana. Mwenye ukumbi hakuwa na jenereta. Mwigizaji akaendelea kuongea gizani, na watu wa safu ya mbele wakawasha tochi za simu wakamlenga. Hiyo ndiyo mara moja ninayokuruhusu kuwasha simu.

Mchezo ukiisha usikimbie. Pale uani National Theatre waigizaji hutoka dakika kumi baadaye, vipodozi bado shingoni, na utawakuta na wengine wa makundi mengine wanapiga soga, kwa kuwa pale ndipo kijiweni kwao. Wasalimie. Mwambie mmoja alichokifanya vizuri, kitu kimoja, ukitaje, kisha uliza: mnarudi lini, na nani mwingine ana mchezo wiki ijayo? Utapewa tarehe ambazo bado hazijatoka kwenye bango lolote. Mpwa wangu alifanya hivyo tulipofika hatimaye, Jumamosi, ile ya saa tisa, na sasa yeye ndiye ananipigia simu.

Tukiondoka tunapita University Way halafu Moi Avenue, palipo na taa na watu, si vichochoro, hadi kwenye magari ya Buruburu. Jioni ya Jumamosi makanga hupandisha nauli, na mvua ikinyesha huzidisha mara mbili. Weka hamsini za ziada mfuko wa mbele, na simu ndani kabisa.