Kuhama Koleji ya Jamii Kwenda Shahada ya Ujenzi California: Jinsi ya Kuomba

Kosa linalowagharimu wengi hufanyika muhula wa kwanza kabisa: mtu aliye koleji ya jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) anajaza kozi za useremala na uchomeleaji akidhani chuo kikuu kitazihesabu zote. Nyingi huishia kwenye cheti cha koleji. Anza na unakokwenda, ndipo uchague kozi.

Kampasi kadhaa za California State University zina shahada ya usimamizi wa ujenzi, zikiwemo Chico, Sacramento, Fresno na San Luis Obispo. Chagua mbili au tatu. Fungua tovuti ya assist.org, weka koleji yako, kampasi unayoitaka na shahada yenyewe. Utaona kozi wanayoidai wao na, kando yake, ile ya koleji yako inayolingana nayo. Chapisha ukurasa huo umpelekee mshauri wa masomo, mpange mihula yote. Palipoandikwa kwamba hakuna kozi inayolingana, usibahatishe: itafute koleji jirani, au subiri uisome ukishahamia.

Hisabati na fizikia ndizo huchelewesha watu. Fizikia hudai hisabati fulani iwe imetangulia, kwa hiyo ukiahirisha hisabati hata muhula mmoja, fizikia nayo inasogea. Isome hisabati tangu muhula wa kwanza, hata kama huipendi.

Ili uhamie kampasi hizo unahitaji angalau yuniti (vipimo vya uzito wa kozi) 60 za semista zinazohamishika na GPA (wastani wa alama) ya 2.0 kwa mkazi wa California, 2.4 kwa asiye mkazi. Ndani yake ziwemo kozi nne: uandishi, kuzungumza hadharani, fikra tunduizi na hisabati, kila moja kwa C- au zaidi. Hicho ni kima cha chini tu. Penye waombaji wengi ushindani huwa juu zaidi. Tena usirundike: yuniti za koleji zinazozidi 70 hazihesabiwi kwenye jumla ya shahada.

Maombi ya kuanza msimu wa vuli hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwenye Cal State Apply, tovuti ya maombi ya kampasi hizo, na dirisha kuu hufungwa mwanzoni mwa Desemba. Ada ni dola 70 kwa kila kampasi. Mwenye kipato kidogo aombe msamaha wa ada humo humo kwenye fomu kabla ya kulipa.

Sehemu ya fomu inayohusu kozi ndiyo inayochosha. Jaza ukiwa na transkripti (rekodi rasmi ya kozi na alama zako) mbele yako, si kwa kumbukumbu: namba ya kozi, yuniti, alama, hata F (kufeli) na W (kujitoa kwenye kozi). Kozi ya uandishi iliyokuwa ENGL 1A kwenye koleji nyingi imeanza kuitwa ENGL C1000 tangu 2025. Andika ile iliyo kwenye transkripti yako. Ongeza kozi unazosoma sasa na za muhula ujao. Ulisoma chuo Nairobi au Bukavu? Kitaje, hata kama hukumaliza, maana kukificha kunaweza kukufutia udahili.

FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za masomo, ijazwe kabla ya tarehe 2 Machi. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hastahili; asiye na hati za uhamiaji ajaze fomu ya California Dream Act.

Ukishakubaliwa, usiache kozi yoyote uliyoiorodhesha kabla ya kuiandikia ofisi ya udahili. Transkripti ya mwisho itumwe na koleji yenyewe, baada ya alama za muhula wa mwisho kuingizwa.